Waliotaka Kumfumbua Mturuki

Mwaka 1770, katika kasri ya Malkia Maria Theresa mjini Vienna, Wolfgang von Kempelen alileta sanduku kubwa la mbao, na nyuma yake ameketi sanamu wa Kituruki mwenye kilemba. Alifungua milango ya sanduku mmoja baada ya mwingine, akamulika kwa mshumaa watu waone magurudumu, akaifunga, kisha akazungusha ufunguo. Mturuki akanyoosha mkono wa kushoto, akasogeza kete ya sataranji. Wengi waliocheza naye walishindwa.

Kwa miaka mingi watu walilipa kiingilio kumtazama, na wengi walirudi nyumbani na kazi ya kufanya: kujua anachezaje. Kazi hiyo, naona, iliwapa raha kuliko mchezo wenyewe. Philip Thicknesse aliandika mwaka 1784 kwamba ndani mmefichwa mtoto. Huko Ufaransa, Henri Decremps akataja mbilikimo. Mjerumani Racknitz alijisumbua kuliko hao wote: alijenga vielelezo, na mwaka 1789 akachapa kitabu chenye michoro mizuri inayonakiliwa hadi leo. Vipimo vyake, hata hivyo, vilikuwa na makosa, na mtu wake amelazwa mahali ambapo hakuwepo.

Ninayempenda zaidi ni Robert Willis, kijana wa Kiingereza aliyechapa kijitabu chake mwaka 1821. Wenzake walikodoa macho. Yeye alitega sikio. Mtambo wa kweli ukijazwa ufunguo baada ya kufanya kazi nyingi, utazungushwa mara nyingi. Kama haujafanya kazi, ufunguo utagoma mapema. Lakini Mturuki aliwahi kusogeza kete mara 63 bila kujazwa, na safari nyingine akajazwa ilhali hajasogeza hata kete moja, na mzunguko wa ufunguo ulikuwa uleule. Basi magurudumu yale hayakuendesha kitu. Yalikuwa ya kupiga kelele tu. Baada ya hapo Willis alipima sanduku na kuonyesha kwamba mtu mzima anaenea ndani.

Wakati huo Kempelen alikwisha kufariki, na mtambo ulikuwa mikononi mwa Johann Maelzel, aliyeupeleka Marekani mwaka 1826. Mwaka uliofuata, huko Baltimore, wavulana wawili waliokuwa juu ya paa walimwona mtu akitoka sandukuni baada ya onyesho. Gazeti la mji likaandika. Magazeti mengine hayakulichukulia jambo hilo kwa uzito. Ukweli mtupu umeanikwa juani, na karibu hakuna aliyeuokota! Lakini mwandishi Edgar Allan Poe alipoandika makala ndefu mwaka 1836, akihoji mkono wa kushoto na kuuliza kwa nini Schlumberger, msaidizi wa Maelzel, haonekani kamwe wakati wa mchezo, wasomaji walimfuata kwa hamu. Poe alipatia kuhusu mtu, akakosea kuhusu mahali: alimweka ndani ya kiwiliwili cha sanamu.

Schlumberger alikuwa sandukuni, juu ya kiti cha kuteleza kilichomwezesha kuhama kila mlango ulipofunguliwa. Kete zilikuwa na sumaku, na chini ya kila mraba kilining'inia kipande cha chuma kilichomwonyesha kete ipi imehama. Alijimulikia kwa mshumaa. Moshi ulipitia kwenye kilemba.

Maelzel na Schlumberger wote walifariki mwaka 1838. Daktari John Kearsley Mitchell wa Philadelphia aliununua mtambo kwa fedha za mchango, na waliochanga walipewa haki ya kuonyeshwa siri. Wakaonyeshwa. Yakafanyika maonyesho machache, kisha Mturuki akawekwa pembeni katika jumba la makumbusho, hadi moto ulipomteketeza mwaka 1854. Mwanawe Mitchell alichapa siri yote mwaka 1857, wakati hapakuwa tena na mtambo wa kwenda kuutazama.