Jina mara mbili kwenye orodha

Wengi wetu tunaijua hii: umejaza fomu kwenye simu, umebonyeza Tuma, netiweki ikakwama, ukafungua upya ukurasa. Baada ya wiki unaitwa ueleze kwa nini umejiandikisha mara mbili. Mimi yalinikuta kwenye kozi ya kompyuta, nikaonekana mjanja-mjanja. Jamani, shida hii ina historia.

Mwaka 1991, wavuti ya Tim Berners-Lee ilijua ombi la aina moja tu, GET, yaani "nipe ukurasa". Ukiomba mara kumi, unasoma kilekile. Fomu zilipoingia ikaja POST, "pokea hii", na HTTP 1.0 ya 1996 ina zote mbili. Ila HTTP yenyewe haina kumbukumbu: kila ombi ni kama la mgeni mpya.

Sasa programu inajuaje kama umekuja kuchukua fomu au kuirudisha? ASP.NET ya Microsoft, iliyotoka 2002, ilitumia ukurasa uleule kwa kazi zote mbili. Ndani ya fomu ilificha sehemu iitwayo __VIEWSTATE. Ikirudi nayo, basi IsPostBack inajibu ndiyo. Wanaoanza walisahau kuuliza swali hilo. Unabadilisha namba yako ya simu, unahifadhi, ukurasa unasoma tena data ya zamani na kufuta uliyoandika. Django inauliza kwa ufupi zaidi: je, ombi ni POST?

Lakini hapo bado. Kutuma mara ya kwanza ni POST, na kurudia kutuma ni POST vilevile! IsPostBack inajibu ndiyo kwa zote mbili. Dawa moja ni seva kuhifadhi data kisha kukuelekeza ukurasa mwingine kwa GET, HTTP 1.1 ya 1997 iliweka jibu namba 303 kwa kazi hiyo. Ukifungua upya, unarudia kusoma tu.

Na kama netiweki imekatika kabla ya jibu kukufikia, ile ya kwetu sasa? 303 haikusaidii. Hapo kila fomu inahitaji namba yake ya siri ya kutumika mara moja; ikija mara ya pili, inakataliwa. Struts, ya watu wa Java, ilikuwa nayo tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Fomu niliyojaza mimi haikuwa nayo.