Noti za Juu na Falseto Katika Kwaya
Wanakwaya wetu wengi, hasa wa sauti ya tatu, hufika Dominika ya Pasaka wakiwa wamekaukiwa sauti, kwa kuwa noti za juu wamezilazimisha kwa koo. Kadiri noti inavyopanda, nyuzi za sauti hurefuka na kuwa nyembamba. Anayesukuma pumzi kwa nguvu huzizuia zisinyooke, na sauti hupasuka. Twashauri mbavu zitanuke huku mabega yametulia, taya lilegee, na irabu "i" na "e" zifunguliwe kidogo kila noti inapopanda.

Falseto, ambapo kingo tu za nyuzi hutetema, si aibu kwa mwanamume: katika karne ya 16 waimbaji wa namna hiyo waliimba sauti ya kwanza katika Kikanisa cha Sistina, Vatikano. Ili kuiunganisha na sauti ya kifua, tuanze juu kwa "u" laini, kisha tuteremke polepole bila kukata pumzi.

Mwalimu wa kwaya naye aweza kuushusha wimbo toni moja. Liturujia haipungukiwi kitu. Sauti iliyokwaruza kupita wiki 3 ionwe na daktari wa masikio, pua na koo.