Kabla Hatujaenda Mikumi: Habari ya Mbuga Iliyokatwa Vipande

Nilipotea kidogo kwa sababu ya kazi, ila bado nipo. Leo tuzungumze safari.

Likizo hii ya shule nimekabidhiwa jukumu na ukoo: kuwapeleka watoto wa shangazi zangu wa Mvumi kuangalia wanyama Mikumi. Nasema Mvumi ya Kilosa jamani, ile ya upande wa Dumila, siyo ya Dodoma yenye hospitali ya misheni. Watoto wenyewe wako tisa, mkubwa yuko kidato cha pili. Wamezaliwa wilaya ileile yenye mji wa Mikumi, lakini tembo wanamjua kwa picha tu. Mmoja ameniuliza kwenye simu kama huko "zuu" wanyama wanalala kwenye vyumba gani. Nilicheka, halafu nikaona swali lake si la kuchekwa hata kidogo. Nimeanza kuandaa majibu, na kila jibu linanirudisha kwenye historia.

Tuanze na hiyo zuu. Mwaka 1964 serikali yetu changa ilifanya mambo mawili yanayofanana kwa mbali. Kule Mwanza, kwenye kisiwa cha Saanane ndani ya Ziwa Victoria, ilianzisha bustani ya kwanza ya wanyama nchini. Wanyama walisafirishwa kutoka sehemu nyingine wakapelekwa kisiwani ili wananchi wakawaone na kujifunza. (Siku hizi Saanane si zuu tena, tangu 2013 ni hifadhi ya taifa.) Mwaka huohuo 1964 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Hapa hakuna aliyebeba mnyama. Kilichofanyika ni kuchora mstari kwenye ramani na kusema: ndani ya mstari huu, binadamu haishi, halimi, hachungi, hawindi. Zuu humfungia mnyama ndani, hifadhi humfungia mtu nje. Hilo ndilo jibu nitakalompa yule mtoto, ingawa najua ataniuliza swali la pili: sasa hao watu walikuwa wanafanya nini humo kabla ya mstari?

Ndugu msomaji, hebu tulitazame neno tunalolitumia kila siku: mbuga. Tunasema "mbuga ya wanyama" kana kwamba mbuga maana yake ni mahali pa kukata tiketi. Lakini mbuga ni uwanda tu, nchi tambarare yenye majani, na mara nyingi ardhi yake hujaa maji wakati wa masika. Mbuga ya Mkata ilikuwepo kabla ya TANAPA, kabla ya Mwingereza na kabla ya Mjerumani. Mto Mkata unaipitia kuelekea kaskazini kwenda kuungana na Wami. Misafara ya biashara ya kutoka pwani kwenda Unyanyembe iliikata mbuga hii, na wapagazi waliijua kwa tope lake. Stanley alipita hapo mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Alikutana na masika na akateseka sana na kinamasi cha Mkata. Kwa wenyeji lakini, yaani Wasagara, Wakaguru, Wavidunda na wengineo, huko kulikuwa na kitoweo, majani na njia ya kupita.

Mstari wa kwanza ulichorwa kwenye karatasi. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya uwindaji iliyodai vibali na kutenga maeneo ya mwanzo ya akiba ya wanyama, moja likiwa upande wa Rufiji. Fikiria maana yake kijijini. Mtu aliyefundishwa na baba yake kutega na kufuata nyayo analala mwindaji, anaamka mvunja sheria, na hajahama hata hatua moja kutoka nyumbani kwake. Waingereza walipochukua nchi waliendeleza mtindo uleule wa vibali na mapori ya akiba. Neno jangili, tunalolitamka leo bila kufikiri, linatukumbusha historia hiyo.

Ilikuja pia reli ya kati, na mashamba makubwa ya mkonge kuzunguka Kimamba na Kilosa. Kila kimoja kilichukua kipande chake cha ardhi.

Lakini kilichoizaa Mikumi tunayoijua ni barabara. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilijengwa barabara ya Morogoro hadi Iringa, ikapita katikati ya uwanda. Kabla ya hapo kufika kwenye makundi yale ya nyati na pundamilia kulihitaji miguu na siku nyingi. Barabara ilipofunguka, mwenye gari na bunduki aliweza kufika bila taabu, akapiga, akapakia, akaondoka. Wanyama wakaanza kupukutika. Ndipo hatua za kulinda eneo zikaanza, na miaka michache baada ya Uhuru ikatangazwa hifadhi. Baadaye mipaka ilipanuliwa, mara ya mwisho mwaka 1975, na leo eneo lake ni kilometa za mraba 3,230, likipakana kusini na pori lililokuwa Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Kwa hiyo barabara ilileta maangamizi, na maangamizi yakaleta ulinzi. Ila barabara yenyewe haikuondolewa. Tena ilizidi kupata umuhimu. Rhodesia ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru wake Novemba 1965, Zambia ilitafuta njia ya kupitisha mafuta na shaba bila kutegemea kusini, na malori yakamiminika kwenye njia hii. Baadaye ikawekwa lami. Leo inapita kiasi cha kilometa 50 ndani ya hifadhi, na inabeba mabasi ya Iringa, Mbeya, Songea na Tunduma pamoja na malori ya Zambia na Kongo.

Ndiyo maana Watanzania wengi sana "wameiona" Mikumi bila kukanyaga lango lake. Utaijua ile hali: basi zima lilikuwa limelala, ghafla mtu anasema "twiga!", na watu wote wanahamia dirisha la kulia. Hiyo ndiyo zuu yetu ya bure. Bei yake wanailipa wanyama. Kuna matuta, kuna vibao vya mwendo, kuna bango lenye orodha ya faini kwa kila mnyama utakayemgonga, na bado swala, nyani na hata wakubwa zaidi hufa kwenye lami ile. Abiria anayemrushia nyani ganda la ndizi anadhani anatenda wema, kumbe anamfundisha kukaa barabarani.

Upande wa pili wa mstari nako kuna gharama. Mahindi na mpunga wa vijiji vinavyopakana na hifadhi havina geti. Tembo akiingia shambani usiku mmoja, kazi ya msimu imekwisha. Kanuni zetu zinatoa kitu kinachoitwa "kifuta jasho" kwa mazao, na "kifuta machozi" kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Angalieni lugha hiyo, wadau. Hawakuiita fidia. Aliyechagua maneno yale alijua kwamba jasho hufutwa tu, halirudishwi.

Na kaskazini ya hifadhi, kwenye uwanda uleule wa Mkata, kilichobaki kimegawanywa tena: mashamba ya mkonge, ranchi, vijiji vya wakulima na vijiji vya wafugaji. Tarehe 8 Desemba 2000 watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, kwenye mgogoro wa wakulima na wafugaji. Rudewa ni hapo tu, unaipita ukitoka Dumila kwenda Kilosa mjini. Sisemi hifadhi ndiyo iliyoua. Mgogoro ule ulikuwa na sababu zake, na uongozi mbovu ulikuwa mojawapo. Ninachosema ni kwamba ardhi haiongezeki. Kila kipande kinapofungwa kwa kazi moja, wanaobaki nje wanasongamana, na msongamano una tabia ya kutafuta damu.

Je, basi hifadhi ifutwe? Hapana. Bila mstari ule wa 1964, nadhani leo ningekuwa nawapeleka watoto kuangalia mafuvu. Lakini ulinzi unaomwacha jirani nje kabisa, hata wa kuja kutazama, haujengi mlinzi. Mtoto wa Mvumi ambaye tembo kwake ni picha ya daftari au hasara ya shamba la mtu, kwa nini akikua amtetee?

Sasa mpango wenyewe, kwa wanaotaka kuiga. Tunakodi Coaster na tunachangishana. Tunakwenda wakati wa kiangazi, maana majani yamepungua na ule udongo mweusi haunasi magari. Wakubwa wanabeba vitambulisho, kwa sababu raia hulipa kwa shilingi na ni nafuu mno kuliko mgeni wa nje. Kwa mnaotoka Dar, tangu 2024 treni ya SGR inafika Kilosa, ila kumbukeni lango la hifadhi lipo kwenye barabara kuu, hivyo bado mtahitaji gari. Tutaingia Kikoboga asubuhi na mapema, twende bwawa la viboko, kisha tuzunguke uwanda wa Mkata polepole.

Na nimeomba jambo moja kwa ukoo: babu mmoja wa Mvumi awepo ndani ya gari. Askari wa hifadhi atawaeleza watoto majina ya wanyama kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Babu atawaambia wazee wao waliwaitaje kwa Kikaguru, na walipita wapi kabla ya mstari. Nataka wasikie maelezo yote mawili siku moja, kwenye gari moja.

Wenye uzoefu wa njia ya Kilosa kwenda Mikumi kupitia Ulaya, niambieni hali yake. Tisa hawa hawana subira.