Dirham: Kipande cha Fedha Kilichobeba Dola

Kila Ramadhan masheikh wetu hutukumbusha zaka, na wengi wetu tulihifadhi madrasa kwamba nisabu ya fedha ni dirham 200. Je, umewahi kujiuliza dirham yenyewe ilikuwaje? Ukitiwa mkononi moja ya zile za mwanzo, pengine utadhani ni ya makafiri!

Wallahi si mzaha. Waislamu walipoifungua Uajemi, walikuta sarafu za fedha zenye kichwa cha mfalme na taji lake upande mmoja, na upande wa pili madhabahu ya moto wa Majusi. Watu sokoni walizijua na kuziamini, basi maliwali wetu wakaendelea kupiga zile zile, wakaongeza tu "Bismillah" ukingoni. Yazdgird wa tatu, mfalme wa mwisho wa Kisasani, aliuawa mwaka 651, lakini sura za ukoo wake ziliendelea kupigwa kwa karibu miaka 50 zaidi.

Sasa fikiria mtu wa Kirman au Sijistan, huko pembeni kabisa mwa dola. Khalifa hakuwahi kumwona. Alichokiona ni mtoza kodi, na ile sarafu aliyomlipa. Ndiyo maana kila aliyetaka kutawala huko aliikimbilia nyundo ya mpiga sarafu. Abdullah bin Zubeir, aliyedai ukhalifa akiwa Makka, alipigiwa sarafu Kirman zinazomwita Amiri wa Waumini, tena kwa maandishi ya Kipahlavi ya Waajemi wenyewe. Qatari bin al-Fujaa, kiongozi wa Makhawariji, naye akapiga zake na kujiita cheo hicho hicho, na ukingoni akatia kauli yao mashuhuri kwamba hakuna hukumu ila ya Allah. Na huko Sham alikuwepo Abdulmalik bin Marwan, naye ni Amiri wa Waumini! Umma mmoja, na kila mmoja na fedha yake.

Abdulmalik alipowashinda wapinzani, alibadilisha kila kitu. Mwaka 79 Hijria (698) ikatoka dirham mpya isiyo na picha yoyote. Upande mmoja shahada, upande wa pili Suratul Ikhlas, na pembezoni jina la mji na mwaka. Jina lake mwenyewe hakuliweka. Wapo watakaosema huo ni ucha Mungu mtupu. Mimi naona na siasa ilikuwemo. Nani angethubutu kuikataa sarafu yenye Qul Huwallahu? Dirham ya Sham na ya Marw, kule Khurasan, zikawa zinasomeka sawa isipokuwa jina la mji. Na jina hilo ndilo lililosema: mji huu ni wetu.

Lakini nyundo ni nyundo, hufuata mkono ulioishika. Mwaka 747 Abu Muslim aliinuka Khurasan dhidi ya Bani Umayya. Ukizitazama dirham zake haraka haraka utaona ni zile zile: shahada, mji, mwaka. Tazama tena. Ameongeza aya ya 23 ya Suratu Shura, inayotaja mapenzi kwa jamaa wa karibu, na wafuasi wake waliielewa kuwa ni jamaa wa Mtume (S.A.W.). Mtu wa Marw aliyerudishiwa chenji sokoni alikuwa ameshapewa habari. Sham ilizipata miaka mitatu baadaye, mwaka 750, Bani Umayya walipoanguka.