Claude Makélélé: Kiungo aliyenyimwa nyongeza ya mshahara, Madrid ikasubiri hadi 2007 kubeba kombe

Kwa anayejua Kiswahili, jina la Claude Makélélé linachekesha kidogo. Ndani ya uwanja ni wachache wa kizazi chake waliofanya kazi kimyakimya kama huyu Mfaransa.

Aliichezea Ufaransa mechi 71, hakufunga hata bao moja. Chelsea alikaa miaka mitano, akafunga mawili tu. Ukiangalia namba hizo peke yake unaweza kudhani ni mchezaji wa kawaida aliyebahatika kuvaa jezi za timu kubwa. Lakini Waingereza mpaka leo wanaiita nafasi ya kiungo anayesimama mbele ya mabeki kwa jina lake. Na stori ya namna Real Madrid ilivyomwachia aondoke mwaka 2003 bado inasimuliwa kila klabu kubwa inapobania fedha kwa mchezaji asiyefunga.

Kutoka Kinshasa

Makélélé alizaliwa Februari 18, 1973 Kinshasa, wakati nchi ikiitwa Zaire. Baba yake naye alikuwa mwanasoka, aliwahi kuichezea timu ya taifa ya Zaire. Familia ilihamia Ufaransa Claude akiwa bado mtoto mdogo, akakulia Savigny-le-Temple, kusini mashariki mwa Paris.

Alipitia timu ya vijana ya Brest, klabu ya magharibi mwa Ufaransa ambayo mwaka 1991 ililemewa na madeni. Nantes ikamchukua.

Hapo kuna jambo ambalo mashabiki wengi waliomjulia Chelsea hawalifahamu: Makélélé hakuanza kama kiungo mkabaji. Nantes ya kocha Jean-Claude Suaudeau ilicheza soka la kasi, pasi za mguso mmoja, watu wakihama nafasi muda wote, na yeye alicheza zaidi upande wa kulia wa kiungo, akikimbia na mpira kwenda mbele. Msimu wa 1994-95 timu hiyo ilitwaa ubingwa wa Ufaransa ikipoteza mechi moja tu kati ya 38. Mwaka uliofuata ikafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya na kutolewa na Juventus kwa jumla ya mabao 4-3. Juventus ndiyo iliyokwenda kubeba kombe.

Mwaka 1997 alihamia Marseille, akakaa msimu mmoja. Haukuwa msimu wa kukumbukwa sana, na kikosi cha Ufaransa kilichotwaa Kombe la Dunia nyumbani mwaka 1998 hakikuwa na jina lake. Euro 2000 hali ikawa hivyo hivyo. Kizazi cha Didier Deschamps, Emmanuel Petit na Patrick Vieira kilikuwa kimeziba njia.

Vigo ndiko alikobadilika

Watu hupenda kuanzia Madrid wanapomzungumzia, lakini miaka miwili ya Celta Vigo ndiyo iliyomtengeneza. Celta ilikuwa timu tamu kuitazama, ikiwa na Warusi Alexander Mostovoi na Valery Karpin wakichezesha mbele. Timu yenye mafundi wengi namna hiyo inahitaji mtu wa kubaki nyuma, na kocha Víctor Fernández alimtumia Makélélé katikati, akicheza na Mbrazili Mazinho, bingwa wa dunia wa mwaka 1994.

Celta haikuwa klabu ya makombe, ila ilitisha. Kwenye Kombe la UEFA iliitoa Liverpool msimu wa 1998-99. Msimu uliofuata iliichapa Benfica 7-0, kisha Juventus 4-0. Katika mechi hiyo ya Juventus bao la kwanza alifunga Makélélé mwenyewe, mapema kabisa.

Majira ya joto ya mwaka 2000 Real Madrid ikabisha hodi. Rais mpya wa klabu, Florentino Pérez, alikuwa ameingia madarakani kwa ahadi ya kumleta Luís Figo kutoka Barcelona, na akaitimiza. Wakati huo huo kiungo kipenzi cha mashabiki, Fernando Redondo, aliuzwa AC Milan. Pengo la Redondo ndilo aliloletewa Makélélé, na halikuwa pengo dogo.

Kazi isiyoonekana

Kila mwaka Pérez alileta staa mmoja. Figo 2000, Zinédine Zidane 2001, Ronaldo wa Brazil 2002. Ongeza hapo Raúl, na beki wa kushoto Roberto Carlos ambaye muda mwingi alikuwa anacheza kama winga. Mpira ukipotea, nani anarudi kukaba? Jibu lilikuwa mtu mmoja.

Makélélé hakuwa mrefu na hakuwa mtu wa kuingia miguuni kwa fujo. Alichokuwa nacho ni kusoma mchezo. Alisimama mahali ambapo pasi ya mpinzani ingepita, akaufikia mpira kabla ya mwenzake, kisha akautoa kwa aliye karibu. Basi. Hakutafuta pasi ya mita 40 kwa sababu Zidane alikuwa mita tano tu kutoka alipo, na Zidane angefanya kitu bora zaidi. Roberto Carlos akipanda, yeye alisogea kushoto kuziba. Michel Salgado akipanda, alisogea kulia.

Katika misimu mitatu Madrid ilitwaa La Liga mara mbili, 2001 na 2003, na Ligi ya Mabingwa 2002 kwa kuifunga Bayer Leverkusen 2-1 mjini Glasgow. Fainali hiyo watu wanakumbuka shuti la Zidane la kuunganisha hewani.

Sasa linakuja suala la mkwanja. Makélélé alikuwa analipwa sehemu ndogo tu ya walichokuwa wakipata mastaa aliowakabia. Kiangazi cha 2003 akaomba aongezwe. Hakuomba alipwe kama Zidane, alitaka tu pengo lipungue. Uongozi ukakataa. Yeye naye akagoma kufanya mazoezi na akaomba kuondoka.

Katika kiangazi hicho hicho Madrid ilitoa karibu euro milioni 35 kumnunua David Beckham kutoka Manchester United. Kocha Vicente del Bosque alikuwa ameshaonyeshwa mlango baada tu ya kutwaa ubingwa. Dirisha la usajili likielekea kufungwa, Chelsea iliyokuwa imenunuliwa na Roman Abramovich ikaweka mezani zaidi ya pauni milioni 16. Dili likafungwa.

Pérez alinukuliwa akisema klabu haitamkosa mchezaji huyo: kwamba ufundi wake ni wa wastani, kwamba pasi zake nyingi zinarudi nyuma au kwenda pembeni, na hana uwezo wa kutoa pasi ndefu. Zidane naye alinukuliwa akishangaa faida ya kupaka dhahabu nyingine juu ya gari la Bentley huku injini inang'olewa.

Kilichoikuta Madrid

Msimu wa 2003-04 chini ya Carlos Queiroz ulianza vizuri, Madrid ikiongoza ligi kwa muda mrefu. Kisha ikafungwa fainali ya Kombe la Mfalme na Zaragoza 3-2. Ikatolewa robo fainali ya Ulaya na Monaco, na kilichouma zaidi ni kwamba Fernando Morientes, mchezaji wa Madrid aliyekuwa Monaco kwa mkopo, aliwafunga nyumbani na ugenini. Mwishoni wakapoteza mechi tano za mwisho za ligi na kumaliza nafasi ya nne.

Haikutosha. Kiangazi cha 2004 wakamwachia Esteban Cambiasso, kiungo mwingine wa kazi hiyo hiyo, aende Inter bure. Januari 2005 wakarudi sokoni kumtafuta Thomas Gravesen wa Everton. Pérez mwenyewe alijiuzulu Februari 2006. Kocha Fabio Capello alipokuja baada ya hapo alihakikisha wanasajiliwa viungo wawili wa kukaba kwa mpigo, Emerson na Mahamadou Diarra. Ubingwa ukarudi 2007.

Ni kweli si kila kitu kilitokana na kuondoka kwa mtu mmoja. Del Bosque naye hakuwepo, beki na nahodha Fernando Hierro aliondoka kiangazi hicho hicho, na mastaa walikuwa wanazeeka. Lakini Madrid iliyoongeza Beckham na kumpunguza Makélélé haikubeba kombe lolote mpaka 2007, na hilo ni gumu kulipuuza.

Chelsea na jina lililobaki

London alifika akiwa na miaka 30, umri ambao wengi walidhani ni wa kumalizia soka. Msimu wa kwanza chini ya Claudio Ranieri Chelsea ilishika nafasi ya pili kwenye ligi na kutolewa nusu fainali ya Ulaya na Monaco ile ile.

Kisha akaja José Mourinho. Timu nyingi za England wakati huo zilicheza 4-4-2, viungo wawili wa kati wakipanda na kushuka pamoja. Mourinho alicheza na watatu: Makélélé chini, wenzake wawili mbele yake. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Wawili wa mpinzani wakibanana na wawili wa Chelsea, Makélélé anabaki peke yake na mpira. Mmoja akitoka kumfuata, mwenzake mmoja wa mbele anakuwa huru. Frank Lampard akapata ruhusa ya kuingia kwenye boksi kila mara akijua nyuma kuna mtu.

Chelsea ikatwaa ubingwa wa 2004-05, wa kwanza baada ya miaka 50, kwa pointi 95 na kuruhusu mabao 15 tu msimu mzima. Siku ya kukabidhiwa kombe Stamford Bridge, walikuwa 0-0 na Charlton mechi ikielekea ukingoni, wakapata penalti. Wakampa Makélélé. Kipa akaipangua, lakini yeye mwenyewe akauwahi mpira uliorudi na kufunga. Lilikuwa bao lake la kwanza Chelsea, na wenzake walilishangilia kuliko kombe lenyewe. La pili lilikuwa shuti kali dhidi ya Tottenham mwaka 2006, mechi ambayo Chelsea ilipoteza 2-1.

Ubingwa wa pili ulikuja 2006, Kombe la FA 2007, na Kombe la Ligi mara mbili. Mei 2008 alicheza fainali ya Ligi ya Mabingwa mjini Moscow, Chelsea ikafungwa na Manchester United kwa penalti. Huo ndio ukawa mwisho wake pale.

Les Bleus: alistaafu, wakamrudisha

Kwa Ufaransa alianza mwaka 1995, lakini nafasi ya kudumu ilichelewa sana. Alipoipata, timu ilikuwa imechoka: Kombe la Dunia 2002 ilitolewa hatua ya makundi bila bao, Euro 2004 ikatolewa robo fainali na Ugiriki. Akastaafu timu ya taifa.

Agosti 2005, Ufaransa ikiwa hatarini kukosa Kombe la Dunia, alirejea pamoja na Zidane na Lilian Thuram. Ujerumani 2006 alicheza pembeni ya Vieira, na kwa wengi huo ndio ukabaji bora zaidi uliowahi kuonekana katikati ya timu ile. Hispania ikafungwa 3-1, Brazil ya Ronaldinho 1-0, Ureno 1-0. Mechi saba, mabao matatu tu ya kufungwa, mojawapo la penalti. Fainali na Italia ilikwisha 1-1, Zidane akatolewa kwa kadi nyekundu, na Italia ikashinda penalti 5-3.

Baada ya hapo alitangaza tena kustaafu. Kocha Raymond Domenech akamwita bila kujali, na kwa kanuni za FIFA mchezaji anayeitwa analazimika kwenda. Mourinho alikuja juu na kusema mchezaji wake anafanywa mtumwa. Kauli ilikuwa nzito kupita kiasi, na Makélélé mwenyewe aliishia kuendelea kucheza hadi Euro 2008. Mechi yake ya mwisho ilikuwa kipigo cha 2-0 kutoka kwa Italia. Alikuwa na miaka 35.

Mwisho wa safari

Alimalizia Paris Saint-Germain, kabla ya fedha za Qatar kubadilisha klabu hiyo. Alikuwa nahodha, akabeba Kombe la Ufaransa 2010 na kutundika daluga 2011.

Ukocha haujawa mtamu kama uchezaji. Alikuwa msaidizi wa Carlo Ancelotti hapo hapo PSG, akafundisha Bastia mwaka 2014 na kufukuzwa baada ya miezi michache, akawa msaidizi Swansea, kisha kocha mkuu wa Eupen ya Ubelgiji.

Mwaka 2019 alirudi Chelsea kufanya kazi na wachezaji chipukizi. Kocha mkuu alikuwa Lampard, yule yule aliyekuwa akipanda mbele huku Makélélé akibaki nyuma. Kikosini alikuwepo N'Golo Kanté, kiungo mwingine Mfaransa mfupi na mpole, ambaye tangu asajiliwe 2016 alikuwa akilinganishwa naye kila wiki.