Tunduma: Mpaka wa Wakoloni na Hukumu za Msafiri

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w.).

Ndugu msomaji, anayefika Tunduma huona foleni ya malori akadhani mji huu umezaliwa na barabara. Ukweli ni kuwa ardhi hiyo ni ya Wanyamwanga, nao walikuwepo kabla ya mpaka. Julai 1, 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba wa kugawana Afrika Mashariki, na mstari baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ukawagawa ndugu hao: wengine Tunduma, wengine Nakonde. Mwaka 1893 mstari wa Durand uliwagawa Wapashtuni vivyo hivyo, baina ya Afghanistan na India ya Waingereza.

Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru Novemba 1965, njia ya kusini ya Zambia iliingia mashakani. Ndipo barabara ya Dar es Salaam ikatiwa lami, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ikajengwa kuanzia 1970 hadi 1975. Mwaka 2016 Tunduma iliingia mkoa mpya wa Songwe.

Je, sheria inasemaje kuhusu mpaka huu?

Kwanza, haukati udugu. Shangazi aliye Nakonde ana haki ile ile ya kuungwa.

Pili, si kipimo cha safari. Mkazi wa Tunduma anayevuka kwenda sokoni Nakonde hapunguzi sala, ingawa ameingia nchi nyingine. Dereva aliyetoka Dar es Salaam ni msafiri hata kabla ya kuvuka. Kwa Imam Shafi, kipimo ni marhala mbili, yaani zaidi ya kilomita 80. Dereva akinuia kukaa siku 4 kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, hukumu ya safari imekoma. Lakini akizuiliwa na mzigo huku akitarajia kuondoka wakati wowote, anapunguza hadi siku 18. Kwa Mahanafi, nia ya siku 15 ndiyo humfanya mkazi.

Tatu, saa ya Zambia iko nyuma kwa saa 1, lakini jua ni lile lile. Likizama Tunduma saa 12:45 jioni, ya Nakonde husomeka 11:45, na futari imeingia kwa wote. Basi anayevuka asiiache sala kwa kutazama mkononi, atazame mbinguni.

Wallahu a'lam.