Kidonge cha Mama Anayenyonyesha: Historia ya Nafasi ya Uzazi Butembo na Beni

Historia ya vidonge vya kupanga uzazi katika miji ya Butembo na Beni, kaskazini mwa Kivu ya Kaskazini, haiwezi kuanza na kidonge chenyewe, kwa sababu kazi ambayo kidonge kilikuja kuifanya, yaani kuweka nafasi kati ya mtoto na mtoto, ilikuwa na desturi yake katika nyanda za juu za Lubero na Beni kabla dawa yoyote haijatoka kiwandani. Kama ilivyokuwa kwa jamii nyingi za Kongo ya mashariki, mama wa Kinande, jamii ya wenyeji wa nyanda hizo, alinyonyesha miaka miwili au zaidi, na jamii ilitarajia wazazi wajizuie ili mimba mpya isimnyang'anye mtoto ziwa kabla hajapata nguvu za kula chakula cha watu wazima. Sayansi ilikuja kukubali baadaye kwamba sehemu ya desturi hiyo ilikuwa na msingi katika mwili wenyewe: wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, mwaka 1988 walikubaliana kwamba mama anayenyonyesha bila kumpa mtoto chakula kingine, ambaye hedhi yake haijarudi na mtoto wake hajatimiza miezi sita, ana kinga ya zaidi ya asilimia 98 dhidi ya mimba. Baada ya miezi hiyo sita kinga hupungua, na hapo ndipo kujizuia kwa wazazi, pamoja na macho ya mama wakwe na majirani, kulipobeba mzigo uliobaki.

Utawala wa Kibelgiji haukuitazama desturi hiyo kwa wema. Katika miaka ya 1920 maofisa, makampuni na wamisionari wengi waliamini kwamba watu wa Kongo walikuwa wanapungua, na kwa kuwa migodi na mashamba yalihitaji vibarua, kunyonyesha kwa muda mrefu kulionekana kuwa kizuizi cha uzazi kinachopaswa kuvunjwa. Kliniki za watoto wachanga, zilizosimamiwa na vyama vya wanawake wa Kizungu na masista, zilipima uzito, ziligawa maziwa na kuwahimiza mama waachishe mapema, huku makampuni makubwa yakiwapa wafanyakazi zawadi kwa kila mtoto aliyezaliwa. Mwaka 1933 dekreti ya kikoloni ilipiga marufuku kutangaza na kuuza vitu vya kuzuia mimba, kwa mfano wa sheria ambazo Ufaransa na Ubelgiji zilikuwa zimejitungia baada ya vita vya kwanza vya dunia, na katazo hilo likaingia katika kifungu cha 178 cha kanuni ya adhabu ya Kongo. Kwa hiyo mwanamke wa Butembo, kituo kilichokua kwa uchimbaji wa dhahabu na biashara, alisukumwa kutoka pande mbili: aliambiwa aachishe mapema, na akanyimwa kisheria njia nyingine yoyote ya kuweka nafasi. Madhara ya jambo hilo kwa afya ya mama na watoto hayajapewa uzito unaostahili katika vitabu vya historia ya eneo hilo.

Wakati katazo hilo lingali na nguvu, kemia ilikuwa ikifungua mlango mwingine mbali sana. Huko Mexico City, kutokana na viazi vikuu vya porini, wanakemia wa kampuni ya Syntex, akiwemo Carl Djerassi na mwanafunzi kijana Luis Miramontes, walitengeneza noretisteroni mwezi Oktoba 1951. Hiyo ni aina ya projestini, yaani homoni ya kutengenezwa inayoiga projesteroni, ambayo mwili wa mwanamke huitoa baada ya yai kutoka na kwa wingi zaidi wakati wa ujauzito. Kidonge cha kwanza kilichoruhusiwa Marekani kwa ajili ya kuzuia mimba, mwaka 1960, kilichanganya projestini na homoni ya pili, estrojeni. Vidonge vya jamii hiyo wauguzi wa Afrika ya Mashariki huviita vidonge vyenye vichocheo viwili. Kwa mama anayenyonyesha mchanganyiko huo una kasoro, kwa sababu estrojeni inaweza kupunguza maziwa, na katika majuma ya kwanza baada ya kujifungua huongeza hatari ya damu kuganda katika mishipa. Ndiyo maana watafiti walirudi kwenye projestini peke yake kwa kipimo kidogo, na mwaka 1973 Marekani iliruhusu vidonge vyenye kichocheo kimoja, kimojawapo kikiwa cha norgestreli cha miligramu 0.075, kilichouzwa kwa jina la Ovrette.

Namna kidonge hicho kinavyofanya kazi yafaa ielezwe, kwa sababu historia yake yote imefungwa humo. Projestini huufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito hata mbegu za kiume zisipenye, huufanya ukuta wa ndani wa kizazi kuwa mwembamba, na kwa kipimo kile cha norgestreli huzuia yai kutoka katika takriban nusu ya mizunguko tu, si yote. Ute huo huanza kulegea tena baada ya siku moja, na hivyo aina za zamani zilidai saa ileile kila siku, anayechelewa kwa zaidi ya saa tatu akitakiwa kutumia kondomu au kujizuia kwa siku mbili zinazofuata. Pakiti yake haina vidonge vya kupumzikia: vyote, viwe 28 au 35 kulingana na aina, vina rangi moja na vina dawa, tofauti na pakiti ya vichocheo viwili yenye vidonge 21 vya dawa na mara nyingi 7 vya madini ya chuma vyenye rangi nyingine, ambavyo mtumiaji akivikosa hapotezi kinga. Mwanamke aliyezoea pakiti hii ya pili, akipewa ile ya kwanza bila maelezo, anaweza kukatiza juma zima akidhani anapumzika, na akapata mimba kwa kosa ambalo si lake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kwa matumizi ya kawaida ya vidonge, yaani pamoja na kusahau na kuchelewa, wanawake wapatao 7 kati ya 100 hupata mimba kwa mwaka, ilhali kwa mama anayenyonyesha hatari hiyo ni ndogo zaidi, kwani maziwa yenyewe humsaidia.

Serikali ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, iliufungua mlango Desemba 1972, Rais Mobutu alipozungumzia uzazi unaotamaniwa, na mwaka uliofuata kamati ya kitaifa ikaundwa kwa jina hilo, ingawa kifungu cha 178 hakikufutwa. Sera hiyo iliegemea hoja ya nafasi kati ya watoto kuliko hoja ya kupunguza watu, uamuzi wa busara kwa nchi ambayo jamaa huhesabu watoto kuwa baraka na mali. Hata hivyo kaskazini mwa Kivu mamlaka halisi ya afya haikuwa mikononi mwa serikali. Kanisa Katoliki, lililohudumiwa huko na Waasumpsio tangu mwaka 1929 na kuendesha shule na hospitali nyingi kuliko dola, lilikuwa limefungwa na waraka wa Papa Paulo wa Sita wa Julai 1968, uliokataza njia zote zisizo za asili. Vituo vyake vikafundisha kuhesabu siku, na katika miaka ya karibuni vikaongeza mkufu wa shanga za rangi unaomwonyesha mwanamke siku zake za rutuba, kuanzia ya 8 hadi ya 19. Waprotestanti wa Katwa, Oicha na Nyankunde hawakubanwa na waraka huo, na mradi wa SANRU, ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa fedha za Marekani kupitia Kanisa la Kristo, muungano wa madhehebu ya Kiprotestanti nchini, uliingiza uzazi wa mpango katika huduma za zoni za afya vijijini. Kwa hiyo kidonge ambacho mama alipewa, au alichonyimwa, kilitegemea sana mlango wa kanisa uliokuwa karibu na nyumba yake.

Msaada huo ulikatika baada ya uporaji wa Septemba 1991 na kuondoka kwa wafadhili. Lililobaki lilikuwa biashara, na katika hilo Butembo haikuhitaji kufundishwa na mtu: wafanyabiashara wake walikuwa wamekwisha jenga njia ya kupitia Kasindi hadi Uganda na Mombasa, na baadaye hadi Dubai na Guangzhou, wakiagiza nguo, pikipiki, saruji na dawa. Katika vita vya 1998 hadi 2003, mji ulipokuwa chini ya waasi waliotegemea jeshi la Uganda, maduka ya dawa yalizidi kuongezeka, na hayo, zaidi ya sheria yoyote, ndiyo yaliyokifanya kidonge kiwe kitu cha kununuliwa bila cheti cha daktari. Mnunuzi alitaja anachokitaka, akalipa na kuondoka. Hilo lilikuwa na heri yake kwa msichana aliyeogopa kuonekana kwenye foleni ya kituo cha afya, lakini mwuzaji hakuwa na wajibu wa kumweleza tofauti ya vichocheo viwili na kimoja, wala ya kidonge cha kila siku na kile cha dharura, ambacho nacho ni projestini lakini kwa kipimo kikubwa cha kumezwa mara moja baada ya tendo. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulikuta wastani wa watoto 6.6 kwa kila mwanamke wa Kongo, na wanawake 8 tu katika kila 100 walio katika ndoa wakitumia njia ya kisasa.

Ebola, iliyotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018 na kuua watu 2,287 kabla ya kwisha Juni 2020, iliitikisa imani ya watu kwa vituo vya afya kuliko vita vilivyoitangulia. Beni, Katwa na Butembo zilikuwa vitovu vyake. Vituo vya matibabu vilishambuliwa Februari 2019, na wengi waliogopa kwenda kliniki hata kwa mambo yasiyohusiana na homa. Wajawazito walinyimwa chanjo mwanzoni, wakaruhusiwa mwaka 2019 tu, jambo lililowaacha bila kinga walipoihitaji zaidi.

Wakati huohuo sheria ilikuwa imegeuka. Sheria ya afya ya umma ya 13 Desemba 2018 ilimpa kila mtu mwenye umri wa kuzaa haki ya njia ya kuzuia mimba kwa hiari yake baada ya kuelezwa, na ikaamua kwamba mume na mke wasipokubaliana juu ya njia, nia ya yule anayehusika ndiyo inayotangulia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vidonge vipatikane bila cheti. Uingereza iliruhusu kidonge cha desogestreli, projestini nyingine, kiuzwe hivyo mwaka 2021. Na Marekani, tarehe 13 Julai 2023, ikaruhusu norgestreli ya miligramu 0.075, dawa ileile ya 1973, ambayo kwa miongo wauguzi wa nchi nyingi za Afrika walikuwa wameigawa bila daktari.

Duka la dawa la Mususa, mojawapo ya komuni nne za Butembo, halikungoja ruhusa hizo, wala kinachokosekana humo si ruhusa. Mapema mwaka 2025 Marekani ilisitisha msaada wake, na vidhibiti mimba vya thamani ya dola milioni 9.7, ambavyo Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokusudiwa kupelekewa, vikabaki ghalani Geel, Ubelgiji, vikipangiwa kuteketezwa. Vituo vinapokosa pakiti za bure, mzigo unamwangukia mwuzaji, na wenye maduka ya dawa wa Butembo na Beni wanaombwa wasimpe mteja pakiti kabla ya kumwuliza kama ananyonyesha, kama anatumia dawa ya kifua kikuu yenye rifampisini au dawa ya kifafa, ambazo hudhoofisha kidonge, na kama ana uvimbe wa titi au anatokwa damu isiyojulikana sababu. Kisha wamwambie saa ya kumeza, na kwamba hedhi inayovurugika miezi ya kwanza si ugonjwa, na kwamba kidonge hakizuii Ukimwi.